Kuni za Itara Juu ya Pikipiki Kubwa

Wenzangu wa kikundi cha Alhamisi, mmekuwa mkija kwangu mmoja mmoja. Kila mmoja anakaa, anakunywa chai, halafu anauliza, "Sasa, huko Chogoria kulienda aje?" Nimesimulia mara sita, na mara sita hadithi imetoka tofauti, kwa sababu hata mimi sijaielewa yote. Kwa hivyo nimekaa mezani nikaandika. Shule niliachia darasa la nne, msinitafutie makosa. Someni, mpitishiane, mniache nipalilie viazi.

Nyawira mnamjua, mtoto wa marehemu mwanangu. Ana jina langu na nimemlea mimi. Mwaka huu alileta kijana anaitwa Mutugi, fundi wa stima hapa Nyeri, lakini kwao ni Chogoria, upande ule mwingine wa mlima. Wazee wa huyo kijana walitaka kuja kuongea mambo ya ndoa. Nyawira akaniambia, "Shosho, ukisema ndiyo, waje. Ukisema hapana, sitauliza sababu. Nitatii."

Nikamwambia nitasema nikishaona itara. Nyinyi mnaijua, lakini karatasi hii itasomwa na watoto wa taoni, basi nieleze: itara ni ile dari ya fito juu ya moto, pale kuni hukaushwa na moshi. Wanawake wa upande wa msichana huenda kuiona, wajue binti yao atapika wapi, na hawaendi mikono mitupu. Wanabeba kuni na chakula. Kawaida hiyo huwa baada ya wazee kuketi. Mimi nilitaka iwe kabla.

Mutugi akasema ataazima gari. Nikakataa. Nilisikia kwamba kila Jumamosi hupanda pikipiki kubwa na rafiki yake, wakizunguka tu. Baba ya watoto wangu nilimjua kwa namna alivyopakia punda wake, si kwa maneno aliyoniambia. Nikamwambia, "Tutapanda hiyo hiyo."

Nyumbani hadi Naro Moru

Walikuja saa mbili asubuhi, Mutugi na huyo rafiki yake Gachanja. Pikipiki ya Mutugi ni ya safari ndefu. Ina kioo kikubwa mbele cha kuzuia upepo, masanduku matatu, na kiti cha nyuma chenye mgongo kama cha kinyozi. Ya Gachanja ni ile wanaita kruza. Imelala chini, usukani umetanda kama pembe za ng'ombe wa Borana, miguu ya mtu inatangulia mbele, na mlio wake ulifanya kuku wangu waingie chini ya kitanda.

Gachanja akaona mzigo wangu wa kuni.

"Shosho, hizo ni za nini?"

"Za kupika."

"Lakini Chogoria iko na miti mpaka inaingia kwa nyumba."

"Na kwenu iko na midomo."

Mutugi hakucheka. Alichukua zile kuni, za mti wa mukima nilizopasua mwenyewe, akazifunga juu ya sanduku la nyuma kwa mipira miwili. Akazitikisa. Akaongeza mpira wa tatu. Hilo nililiona nikaliweka moyoni. Kiondo changu cha njahi, maharagwe yetu meusi, akakitia ndani ya sanduku, akakifunika na sweta yake kisitikisike.

Kisha wakanivalisha koti zito na suruali ya upepo, na helmeti. Tangu hapo sikusikia kitu. Mtu akiniongelesha naona mdomo tu, na wao wakivaa zao hata mdomo sioni. Sikujua kama nimeulizwa swali au nimetukanwa. Nikawa naitikia kwa kichwa.

Hatujafika mbali tukasimama Kiganjo. Nikavua, nikauliza ni nini imeharibika.

"Hakuna, Shosho. Tunaangalia tu."

Wanaangalia pikipiki. Walitoka nyumbani nazo, zimekuwa chini yao njia yote, na bado wanasimama kuziangalia. Tukasimama tena Naro Moru. Hapo wakaanza kubishana, na nikatambua kwamba mabishano yale hayakuanza siku hiyo.

"Hiyo yako ni sebule," Gachanja akasema. "Umejificha nyuma ya kioo unaangalia barabara kama televisheni. Mimi injini yangu naisikia kwa mbavu. Nikipita ng'ombe, namnusa."

"Na ukifika Isiolo unateremshwa kama gunia," Mutugi akamjibu. "Mimi nafika nikiwa bado mtu."

"Safari si kufika."

"Muulize yule anayekungojea."

Kitu kingine kilichonichanganya ni salamu. Kila tukikutana na pikipiki kubwa, wanateremsha mkono wa kushoto na kuelekeza vidole chini. Tukiwa tumesimama nilimuuliza Mutugi, "Huyo unamjua?" Akasema hapana. "Mbona umemsalimu?" Akasema, "Ni wetu, Shosho." Na mtu wa bodaboda akipita amebeba mama na watoto wawili na kitanda, huyo hasalimiwi. Mimi naona huyo ndiye angesalimiwa kwanza.

Nanyuki

Kabla ya kuingia mjini wakasimama pale kwa kibao cha ikweta, eti nione maajabu. Kuna jamaa na beseni lenye tundu. Akamwaga maji huku, njiti ikazunguka hivi. Akaenda hatua kadhaa, akamwaga tena, ikazunguka vile. Akaniangalia akingoja nishangae. Nikamuuliza kama yuko na shamba. Akasema ndiyo. Nikamwambia hayo maji yangemwagwa kwa mboga zake za sukuma.

Mjini tukakula nyama choma mahali palipojaa watu wa pikipiki. Meza nzima ni kiti, injini, upepo. Mama mmoja mwenye mvi kama zangu, amevaa suruali ya ngozi, aliniambia ameacha kruza akachukua ya safari kwa sababu ya nyonga. Kijana wa kando yake akasema yeye ameacha ya safari akachukua kruza kwa sababu ya usingizi, ati ile nyingine ni laini mpaka anasinzia. Wote wawili walikuwa na furaha. Sikujua nimwamini nani.

"Shosho, wewe umekalia," wakaniuliza. "Tuambie."

"Kiti ni kizuri," nikasema. "Mtu bado sijamwona."

Wakacheka. Mutugi hakucheka. Alijua nasema nini.

Nikaenda msalani, na kujitoa kwa nguo zile ilikuwa kazi. Sasa nawaambia mapema, msipotee kama nilivyopotea mimi. Watu hawa wana desturi: mkibishana sana, kila mmoja anapanda ya mwenzake kipande kimoja cha njia, aonje. Waliafikiana hivyo nikiwa msalani. Niliporudi, wote wawili walikuwa wameshavaa helmeti na injini zinanguruma. Makoti yao ni meusi, helmeti ni nyeusi, na mabegani kuna mito inayofanya kila mwanamume awe na mwili mmoja. Nilikuwa namjua Mutugi kwa pikipiki yake. Kwa hivyo nikapanda pale pale nilipozoea.

Aliyekuwa mbele yangu alikuwa Gachanja. Gachanja alidhani Mutugi ameniambia, na Mutugi alidhani Gachanja ameniambia.

Timau kuteremka Meru

Mpaka Timau niliona ngano, na ngano, na ngano. Halafu mambo yakabadilika. Yule mtu akaanza kukimbia. Miti ikawa inapita kama mtu anaifagia. Nikamgonga mgongoni mara moja, nikimaanisha polepole. Akainua kidole gumba. Akaongeza.

Nikajiuliza, huyu ni yule aliyefunika njahi zangu na sweta? Labda ni wema wa pale nyumbani tu, mbele ya macho yangu. Tulipoanza kuteremka kuna lori la mawe mbele yetu, na kona haijulikani inaishia wapi. Akalipita papo hapo kwenye kona. Nilifunga macho. Pikipiki iliruka kidogo juu ya shimo, na nyuma yangu nikahisi mpira ukikatika, halafu mwingine.

Nilipogeuka, kuni zangu zilikuwa barabarani, zingine zinabingirika kuelekea mtaroni. Kuni za itara. Nikampiga mgongo mara tatu kwa ngumi.

Akainua kidole gumba.

Hapo nikamaliza na Mutugi. Sikuwa na hasira, nilikuwa nimechanganyikiwa tu, kama mtu aliyenunua mbuzi mzuri sokoni akafika nyumbani akakuta ni mwingine. Nikawa nawaza, nitamwambia nini yule msichana. Nikakumbuka alisema hatauliza sababu. Nikaona ni heri.

Meru, kwa mafuta

Tukaingia Meru, tukasimama kwa stesheni ya mafuta. Yule mtu akateremka, akasema kitu ndani ya helmeti, akakimbilia msalani akiwa bado ameivaa. Nilikaa kwa ukuta. Nikatoa simu yangu ndogo nikapiga.

"Shosho, mmefika?" Nyawira alikuwa na sauti ya kucheka.

"Hatujafika. Huyu mtu, hapana."

Nilisikia watu wa duka anakofanya kazi wakiongea nyuma yake.

"Amefanya nini?"

"Ulisema hutauliza."

Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au ilikatika. Nikairudisha mfukoni, nikaona nimefanya kazi yangu.

Yule mtu akatoka msalani na helmeti mkononi, na uso ulikuwa wa Gachanja. Alikuwa anacheka peke yake.

"Shosho, kitu ya Mutugi ni hatari. Nilikuwa mia moja na ishirini nikidhani ni themanini. Kwa yangu upepo ungeniambia. Kwa hii hakuna kitu kinakuambia."

Nikainuka pale ukutani. "Wewe ni nani?"

"Si ni mimi, Gachanja."

"Mutugi ako wapi?"

"Nyuma, na ile yangu. Tulibadilishana Nanyuki. Kwani hakukuambia?"

Akatazama juu ya sanduku, akaona mpira mmoja unaning'inia. Kicheko kikaisha.

"Kuni ziko wapi?"

"Nilikugonga mgongo."

"Nilidhani umefurahi, Shosho."

Tukangoja. Gachanja akampigia Mutugi, haishiki. Akapiga tena. Mtu mmoja wa mafuta akasema huko juu kuna lori limesimama barabarani, hajui kwa nini. Gachanja akaenda kusimama kando ya barabara, akitazama juu tulikotoka. Mimi nikampigia Nyawira. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga mara nne. Wale mnaonijua mnajua sijawahi kusema neno nikalirudisha. Sikujua hata mtu huanzia wapi.

Karibu saa nzima ikapita. Kisha nikasikia ule mlio wa kukimbiza kuku.

Mutugi alikuwa anakuja polepole sana, gari zote zinampita. Kruza haina sanduku wala mahali pa kufunga kitu. Alikuwa ametia kuni ndani ya koti, zipu imepanda mpaka kidevuni, zingine amezilaza mapajani, na zilizobaki amezifunga kwenye usukani kwa kamba ya kiatu chake. Koti lilikuwa limechanika kwa mkono. Akasimama, akavua helmeti.

"Shosho, pole kwa kukuchelewesha. Lori lilisimama nikaokota. Moja ilikanyagwa ikavunjika." Akaingiza mkono kifuani. "Nimekuja na vipande vyote viwili."

Nikavichukua. Nikamwambia avae hicho kiatu chake vizuri.

Nkubu hadi Chogoria

Wakataka kurudishiana pikipiki. Nikasema hapana, kuni zitakaa kwa ile yenye sanduku, Gachanja ataiendesha mbele yetu polepole nikiziona, na mimi nitakaa nyuma ya Mutugi popote alipo. Ndivyo nilivyopanda kruza.

Kiti chake cha nyuma ni kama kisahani. Meno yanagongana. Lakini lazima niseme ukweli, kule chini hakuna kioo. Nilihisi ubaridi wa mito tukipita juu ya madaraja, nikanusa ndizi mbivu na majani chai, na mama mmoja aliyekuwa akianika mahindi aliniangalia usoni nikamwangalia. Kwa ile nyingine nisingemwona. Gachanja alinidanganya kwa kidole gumba, lakini kuhusu pikipiki hakudanganya. Hilo nalo likanichanganya.

Nkubu tukasimama kununua ndizi. Hapo nikamwambia Mutugi nilichosema kwa simu. Sikupunguza. Alikuwa amemenya ndizi, akabaki ameishika tu.

"Na simu yake?"

"Imezimwa."

Akajaribu na yake. Imezimwa. Akakaa kando ya barabara, akasema, "Lakini Shosho, uliyemkataa ni Gachanja. Hata mimi ningemkataa."

"Mimi niko na bibi na watoto watatu," Gachanja akasema. "Mnanikataa ya nini?"

"Na mimi?" Mutugi akaniuliza.

"Wewe bado nakuangalia."

Hiyo haikuwa kweli yote.

Mama yake Mutugi alitupokea Chogoria kwa uji na mukimo wa ndizi zilizopondwa. Ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi, tukapatana kwa hilo. Nikamwonyesha kuni. Akanipeleka jikoni, na jiko ni la gesi, ukuta umewekwa vigae vyeupe. Tukasimama pale wanawake wawili wazima na mzigo wa kuni mikononi, yeye akiangalia juu, mimi nikiangalia juu, na juu kuna balbu tu.

"Nimekuja kuona itara," nikasema.

"Ningejua ningepanga," akasema. Halafu akafikiri. "Kuja."

Akanipitisha nyuma ya shamba la chai mpaka jiko la zamani la marehemu mama mkwe wake. Itara ilikuwa pale, nyeusi kama sufuria, na juu yake kuni chache. Akapanda kwa kigoda akazipanga zangu moja moja. Alipofika kwa iliyovunjika akauliza imekuwaje. Mutugi alikuwa amesimama mlangoni. Akasema yote: kubadilishana, mteremko, simu.

"Kosa ni langu," akasema. "Mzigo wa Shosho niliufunga mimi, halafu nikampa mtu mwingine bila kumwambia mwenyewe."

Gachanja akasema la, ni lake yeye. Wakaanza kubishana kosa ni la nani kama wanavyobishana kuhusu viti. Yule mama akaweka vipande vyote viwili juu kabisa, akashuka.

Tulilala huko. Asubuhi akanirudishia kiondo changu, kizito.

"Siwezi kukurudisha nacho kitupu," akasema. "Cha chini kabisa ni cha Nyawira."

Embu, Kutus, nyumbani

Kurudi tulipitia Chuka na Embu, kila mtu kwa pikipiki yake, nimehakikisha nyuso kabla hawajavaa. Kila tukisimama nampigia Nyawira. Imezimwa. Mutugi naye akienda kando na simu, akirudi simuulizi.

Kutus tukasimama kula, watu wa soko wakatuzunguka. Mzee mmoja wa mchele akaipima kwa macho ile ya Mutugi akaniuliza, "Mama, hii inabeba magunia mangapi?" Nikamwambia inabeba mwanamke mmoja na kuni. Akauliza na hiyo nyingine yenye pembe. Nikamwambia hiyo inabeba kuni tu, ukiwa na koti na kamba ya kiatu. Gachanja akasema, "Haya, Shosho, umezipanda zote. Sema ipi ni nzuri." Mpaka leo ananipigia kuuliza. Ile ya sebule haikuchoshi, lakini inaweza kukuibia mwendo wako usijue. Ile ya pembe inakuchosha, lakini unajua uko wapi. Ipi nzuri sijui. Nimechoka kuulizwa.

Tulifika kwangu saa tisa. Nyawira alikuwa anatoka langoni na begi, amevaa viatu vya safari.

Nikateremka. "Unaenda wapi?"

"Chogoria."

"Nilisema hapana."

"Nilisikia, Shosho. Nilizima simu usije ukaniambia mara ya pili." Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti haikutetemeka. Ni sauti yangu hiyo.

"Uliahidi kutii."

"Niliahidi vibaya."

Nikasimama na kiondo mkononi. Lile neno lilikuwa linapanda na kushuka tangu Meru. Mwishowe likatoka.

"Na mimi nilisema vibaya."

Akaniangalia kana kwamba nimeongea kizungu. Nikampa kiondo. Akatoa ndizi, akatoa nduma, akazipanga chini kwa nyasi, na chini kabisa akakuta ukuni mmoja wa zamani, mweusi wa moshi, umetolewa kwa ile itara. Akaushika kwa mikono miwili. Hakuna mtu alimweleza kwamba ni wa kumkaribisha. Akaketi juu ya begi lake.

Mutugi alikuwa bado amesimama kando ya pikipiki, helmeti kichwani, haji wala haendi. Gachanja naye vilevile upande wa pili. Makoti meusi mawili. Nikamwendea yule wa karibu nikasimama mbele yake.

"Vua hiyo kitu kichwani," nikamwambia, "nijue ni nani ninayemwambia ndiyo."

Akaivua. Alikuwa Mutugi.